Nyumba Inayopumua

Ndugu msomaji, yamkini umewahi kuona katika picha za Uingereza nyumba ndogo za kale zenye kuta nyeupe na boriti nyeusi zilizokingamana. Wengi hudhani boriti hizo ni pambo. La hasha! Hizo ndizo zinazobeba nyumba. Kuta ni za kuziba nafasi tu.

Fundi wa zama zile alitumia mti wa mwaloni ungali mbichi, maana ukikauka huwa mgumu mno kwa patasi. Alichonga ulimi katika boriti moja na tundu katika ya pili, akaziunganisha kwa misumari ya mti. Kila kiungo alikitia alama, mara nyingi tarakimu za Kirumi, ili boriti zilizopangwa kwanza chini zisichanganyike wakati wa kusimamishwa. Baina ya nguzo zilisukwa fito, zikakandikwa udongo uliochanganywa na samadi na majani makavu, kisha ukuta ukapakwa chokaa. Msomaji aliyekulia katika nyumba ya fito na udongo anaifahamu kazi hiyo.

Basi imekuwaje nyingine zikasimama zaidi ya miaka 500 katika nchi ya mvua na baridi? Siri ni kwamba zinapumua. Udongo na chokaa hunyonya unyevu, kisha huuachia hewani, na mti ukabaki mkavu. Lakini katika karne ya 20 wenye nyumba wengi, kwa nia njema, walizipiga plasta ya saruji wakidhani wanaziimarisha. Mti hutanuka na kusinyaa, saruji haiufuati. Hupata nyufa, maji yakapenya, yakakosa pa kutokea, na mwaloni uliostahimili karne nyingi ukaoza ndani kwa ndani. Leo mafundi wanaozihifadhi huibandua saruji hiyo na kurudisha chokaa.

Nyumba moja ya namna hii ipo kijijini Alfriston, kusini mwa Uingereza, yenye umri upatao miaka 600. Ilikuwa imechakaa vibaya, hata mwaka 1896 shirika la hifadhi la National Trust likainunua kwa pauni 10 tu. Ndilo jengo la kwanza kununuliwa na shirika hilo, na lingali limesimama.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ni kweli, ndugu msomaji. Lakini kabla ya kuziba, uliza kwanza ukuta wenyewe umejengwa kwa nini.