Ufadhili wa Marekani, tuulize ratiba kwanza

Kijana wa mbio ndefu akipata chuo Marekani, mtaa mzima unashangilia. Sawa, karo imelipwa. Lakini nani amemuuliza kocha atamkimbiza mara ngapi?

Ratiba ya kule si mchezo. Mbio za nyika zinaanza Septemba, baridi ikiingia ni mbio za ukumbini, halafu uwanjani mpaka Juni. Kwenye mashindano ya kanda, mwanafunzi mmoja anaweza kupewa mita 10,000 na 5,000 wikiendi hiyo hiyo, kisa pointi za timu. Mshindi huleta 10, na kocha naye analinda kibarua chake.

Mtanitajia Henry Rono, aliyevunja rekodi nne za dunia ndani ya siku 81 mwaka 1978 akiwa mwanafunzi wa Washington State. Kweli kabisa. Ila Rono ni Rono. Huyu wetu ana miaka 19 na Jumatatu ana mtihani wa kemia.

Mzazi, kabla mtoto hajasaini, uliza: akiumia goti, ufadhili unabaki? Na mwaka wa kwanza ataruhusiwa kujifua tu bila kushindana, kama wanavyofanya Wamarekani wengi? Jibu lije kwa maandishi, siyo kwa simu.