Uliza Makaratasi Yake Kabla Hujapokea Posa



Dukani kwangu lilikaa gauni moja jeupe ndani ya mfuko wa nailoni kwa miaka miwili na miezi mitatu. Nililishona mwenyewe, lasi ya mikono mirefu, na shanga za kifuani nilizitia moja moja usiku, watoto wakiwa wamelala. Mwenye gauni alikuwa keshaolewa. Nikaha ilisomwa kwa simu, mume yuko Uingereza, na gauni lingevaliwa siku ya kupelekwa kwa mumewe, "viza ikitoka tu." Mara ya kwanza alipokuja kulijaribu lilimkaa sawasawa. Mara ya pili nililipunguza kiunoni, alikuwa amekonda. Mara ya tatu hakulijaribu. Aliniambia, "Dada, akitokea wa kulinunua, liuze."

Siku ile ndipo nilipomuuliza swali ambalo sisi sote tulipaswa kumuuliza mwanzo: mumeo ana makaratasi gani kule? Akanijibu, "Kesi yake inaendelea." Kesi gani? Hajui. Wazazi wake je, wanajua? Nao hawajui. Mahari ilitajwa, sanduku lilipelekwa, watu walikula pilau, na hakuna hata mmoja aliyeuliza.

Mimi si mwanasheria. Nimeishia sekondari, nikasomea ushonaji, na mkate wangu unatoka kwenye charahani. Tena ninayoyasema leo hayaisaidii biashara yangu, maana harusi ikiahirishwa na gauni halishonwi. Lakini tangu mwaka jana, ilipokuja posa ya mdogo wangu kutoka huko huko Uingereza, nimekaa na kusoma kanuni zao mstari kwa mstari, na pale nilipokwama nimemuuliza wakili. Nimefikia rai hii: mchumba aliyeko nje aulizwe makaratasi yake kama anavyoulizwa swala yake, tabia yake na wazazi wake. Kuuliza si tamaa ya Ulaya, wala si kukosa tawakkul. Ngamia hufungwa kwanza.

Tuanze na huyo ambaye "kesi yake inaendelea." Maana yake mara nyingi ni kwamba ameomba hifadhi ya ukimbizi na hajajibiwa. Mtu wa namna hiyo hawezi kumdhamini mke. Kwa kawaida hata kufanya kazi haruhusiwi. Anaweza kuomba ruhusa pale tu ombi lake likishapita miezi 12 bila uamuzi na ucheleweshaji usiwe wake, na hata hapo ni kwa kazi chache zilizoorodheshwa. Basi akikwambia kesi inaendelea na papo hapo anakupa hesabu ya mshahara mnono, moja kati ya mawili si kweli, au anafanya kazi kwa kujificha. Hilo si la kumdharau. Ni la kulijua.

Wa pili ni aliyekwishapewa ukimbizi. Hapa ndipo dada wengi wanapojikwaa. Kanuni ya kuunganisha familia za wakimbizi iliwahusu mke na watoto aliokuwa nao kabla hajakimbia. Wewe uliyeolewa naye akiwa tayari yuko London hukuwamo katika kanuni hiyo hata ilipokuwa wazi. Na tarehe 4 Septemba 2025 serikali ya Uingereza ilisimamisha kupokea maombi mapya hata ya hao wake wa mwanzo. Novemba mwaka huo huo Waziri wao wa Mambo ya Ndani, Shabana Mahmood, ambaye ni Muislamu mwenzetu, alitangaza mpango wa kuufanya ukimbizi uwe wa muda: kibali cha miezi 30, kisha kuangaliwa upya, na kwa wengi kungoja miaka 20 kabla ya ukaazi wa kudumu. Mchumba anayekwambia "mimi nishapata, mambo yameisha," muulize amepata nini, lini, na kinakwisha lini.

Kuna na jengine. Hati ya kusafiria ya mkimbizi haimruhusu kwenda nchi aliyoikimbia. Akija kuoa Unguja anaweza kuutia hatarini ukimbizi wenyewe. Ndiyo maana nikaha za simu zimekuwa nyingi. Lakini kanuni ya viza ya mke inataka mume na mke wawe wamewahi kuonana ana kwa ana. Picha za simu na sauti za usiku hazihesabiki. Kama hawezi kuja huku, mtaonania wapi? Mombasa? Muscat? Dubai? Nani atalipa nauli, na mahram wako ni nani? Haya yanajibiwa kabla ya khutba ya nikaha, si baada yake.

Wa tatu ni raia, au mwenye ukaazi wa kudumu. Huyu anaweza kukuita, lakini kuna bei. Kuanzia mwaka 2012 alitakiwa awe na kipato cha pauni 18,600 kwa mwaka. Tarehe 11 Aprili 2024 kikapandishwa hadi pauni 29,000. Mshahara wako wewe huku, hata uwe na maduka matatu Darajani, hauhesabiwi. Asipofikia kipato hicho anaweza kuonesha akiba, na akitegemea akiba peke yake iwe pauni 88,500. Sasa piga hesabu: kima cha chini cha mshahara kule Aprili 2025 kilikuwa pauni 12.21 kwa saa. Mtu akifanya saa 40 kila wiki, mwaka mzima, anapata kidogo zaidi ya pauni 25,000. Kijana wetu anayebeba boksi au anayeosha vyombo hotelini, anayefanya kazi halali na kulipa kodi, hafiki. Anaweza kuwa raia kamili, na bado sheria inamwambia mkeo abaki huko huko.

Juu ya hapo kuna ada ya ombi, iliyokuwa pauni 1,938 kuanzia Aprili 2025, na malipo ya afya, pauni 1,035 kwa mwaka, ambayo kwa viza ya mwanzo yanafika 3,105. Kwa ada hiyo ya 2025 jumla ilikuwa 5,043 kabla hujakata tiketi. Kuna mtihani wa Kiingereza, kuna kipimo cha kifua kikuu, kuna cheti cha ndoa kilichosajiliwa. Ukifika unapewa miaka miwili na miezi tisa, kisha unaomba na kulipa tena.

Nitasema wazi: sheria hii naiona ni dhulma. Ndoa haikuwekwa kwa matajiri. Imesimuliwa kwamba Sayyidna Umar alimuuliza bintiye, Bi Hafsa, mwanamke anaweza kuvumilia muda gani bila mumewe, na kwa jibu lake akaweka mpaka wa muda wa askari kukaa vitani. Khalifa yule alijua kwamba kumtenga mke na mume kuna madhara, akabadili amri ya jeshi zima. Serikali ya leo inaandika tarakimu kwenye karatasi na kusema anayeshindwa na ashindwe. Lakini kuiona sheria kuwa dhulma hakukufungulii mlango wa uwanja wa ndege. Dhulma usiyoijua inakuumiza mara mbili.

Na wakimbizi siwabezi. Nani katika visiwa hivi atambeza mkimbizi? Januari 2001, baada ya uchaguzi wa 2000, damu ilimwagika hapa kwetu, na zaidi ya watu 2,000, wengi wao kutoka Pemba, walivuka bahari hadi Shimoni, Kenya. Wapo wenzetu waliopata hifadhi kwa haki, na wakiikumbuka siku ile hadi leo wanatetemeka. Hao ni watu wa kuolewa nao na kuheshimiwa.

Ninayemsema ni yule "aliyejilipua." Mnalijua neno hili. Ni yule aliyefika kule akabadili jina, akajitaja raia wa nchi nyingine yenye vita, akatunga baba na mama wasiokuwepo. Namwachia Mola wake, shida humpeleka mtu pengi. Lakini wewe unayeolewa naye jua kwamba uongo wake unakuja kwako pamoja na mahari. Cheti chako cha ndoa kitaandikwa jina lipi? Lile alilopewa na wazazi wake walioleta posa, au lile la kwenye kitambulisho chake cha kule? Watoto wako wataitwa kwa nasaba ya nani? Afisa akikuuliza mama mkwe wako yuko wapi, utasema yuko Makunduchi anasuka ukili, au utasema alikufa vitani? Fomu ile utaitia saini wewe. Ukigundulika umedanganya viza inakataliwa, na katika maombi mengine udanganyifu hukufungia mlango miaka 10. Hiyo ni adhabu ya dunia.

Tuna mfano bora kuliko huo. Waislamu wa mwanzo walipoteswa Makka walikimbilia Habasha, na miongoni mwao alikuwemo Bi Ruqayya, binti wa Mtume wetu (S.A.W.), pamoja na mumewe Sayyidna Uthman. Makuraishi wakatuma wajumbe kudai warudishwe. Mfalme Najashi akawaita na kuwahoji. Msemaji wao alikuwa Jaafar bin Abi Talib. Alipoulizwa wanasema nini juu ya Nabii Isa (A.S.), mbele ya mfalme Mnasara, hatari ilikuwa kubwa. Angeweza kuzungusha maneno. Alisema kweli kama alivyoijua, na Allah akawapa hifadhi kwa kweli hiyo. Kila ninaposikia mtu akisema "huwezi kupata Ulaya bila ya uongo," humkumbuka Jaafar.

Sasa nirudi nyumbani. Posa ya mdogo wangu ilipokuja, nilisema mbele ya wazee kwamba tunaomba kujua kijana ana kibali gani. Baba mdogo akanijia juu: "Unamhoji mtoto wa watu kama polisi!" Shangazi akasema nitamfukuzia mwenzangu riziki. Nikanyamaza, nikampigia kijana mwenyewe. Wallahi alinijibu kwa adabu. Alipiga picha kibali chake akanitumia. Ni mkimbizi halali, anafanya kazi ghalani, na kipato chake hakijafika 29,000. Hakuficha kitu. Alisema, "Da, mimi nilikuwa naogopa kusema, nilidhani mtanikataa."

Hatukumkataa. Kwa ukweli ule tulimpenda zaidi. Lakini nikaha hatukuisoma kwa simu. Walikubaliana wapeane mwaka mmoja, yeye atafute kazi ya pili au ya mshahara mzuri zaidi, na waonane Mombasa, mdogo wangu akiwa na kaka yetu. Mwaka ukiisha bila njia, kila mmoja yuko huru na hakuna aliyevunjiwa heshima. Mdogo wangu hakufurahi. Alilia siku mbili, na kwa siku kadhaa hakunisemesha. Sijui mwisho wake utakuwaje. Ninachojua ni kwamba anangoja akiwa mwari mwenye hiari yake, hayuko kama yule mwenye gauni, anayengoja akiwa mke asiye na mume huku talaka iko mkononi mwa mtu wa mbali.

Kwa hiyo mwambie walii wako aulize haya, kwa upole na bila haya. Ana kibali gani, na kinakwisha lini? Jina la kwenye kibali ni hilo hilo la kwenye posa? Anaweza kuja mwenyewe, na kama hawezi, kwa nini? Ana mke mwengine kule, wa nikaha au wa serikali? Kipato chake kinafika? Na isipowezekana, tutangoja mpaka lini? Jibu la mwisho liandikwe, na sheikh wenu au kadhi awaeleze namna ya kuliweka kisheria katika ndoa ili usije kuning'inia.

Na wewe uliyekwishafika kule, pasipoti yako ni yako, asikushikie mtu. Mume akikupiga au akikunyanyasa, kanuni zao zina njia ya mke mwenye viza ya mume kuomba kubaki bila ya mume huyo. Tangu 2024 njia hiyo inamgusa pia mke aliyerudishwa nyumbani kwa hila na kutelekezwa huku. Usikubali kuambiwa "ukinishitaki utarudishwa." Tafuta wakili kwanza.

Lile gauni nimeliuza, na pesa nimempa mwenyewe. Shauri lake liko kwa kadhi, mumuombee dua.

Na wewe unayekuja kupimwa kwangu mwezi huu, jiandae. Nikishachukua kipimo cha kifua na kiuno, nitakuuliza na hilo. Usininunie.

Wabillahi tawfiq.