Uwiano Ufundishwe kwa Nyota

Mwanafunzi ajuaye kwamba madebe mawili ya mahindi ni bei mara mbili ya debe moja huhesabiwa kuwa anaelewa uwiano. Aulizwapo taa iliyosogezwa mbali mara mbili imebakiwa na mwanga kiasi gani, hujibu papo hapo: nusu. La, ni robo. Lawama si yake. Amefundishwa kanuni moja kana kwamba ulimwengu mzima huuzwa kwa debe.

Kurekebisha jambo hili hakuhitaji maabara. Mshumaa, karatasi ngumu yenye tundu la mraba, na ukuta katika chumba chenye giza vyatosha. Karatasi ikiwa nusu mita kutoka kwenye mshumaa na ukuta mita moja, mwanga ukutani utafunika eneo mara nne ya tundu. Ukuta ukiwa mita moja na nusu, mara tisa. Mwanga ni ule ule, umetandazwa tu.

Hapo ndipo yafaa wanafunzi wasimuliwe habari za Henrietta Leavitt, aliyelipwa senti 30 kwa saa kupima nyota katika picha za vioo kwenye kituo cha Harvard, Marekani. Mwaka 1912 alionyesha kwamba nyota 25 za Wingu Dogo la Magellan, zinazong'aa na kufifia kwa vipindi vya siku moja na robo hadi siku 127, zina utaratibu: kadiri kipindi kilivyo kirefu, ndivyo mwanga ulivyo mkubwa. Aligundua hivyo kwa kuwa zote ziko takriban umbali mmoja kutoka duniani, mfano wa karabai za wavuvi wa dagaa zikitazamwa kutoka pwani. Iliyo kali machoni ndiyo kali kweli.

Baada ya hapo hesabu ni ya darasani. Nyota mbili za aina hiyo zenye kipindi sawa zina mwanga sawa. Moja ikionekana hafifu mara 100, iko mbali mara 10. Kwa njia hiyo Edwin Hubble, aliyeona nyota kama hiyo katika Andromeda mwaka 1923, alithibitisha kwamba Andromeda iko nje kabisa ya kundi la nyota lenye Jua.

Jina la Hubble limo vitabuni. Taarifa ya 1912 ilitiwa saini na mkurugenzi, Edward Pickering, ingawa ilieleza kuwa imetayarishwa na Leavitt. Msichana anayeambiwa kwamba hisabati si kazi yake ana haki ya kulisikia jina hilo katika kipindi cha hisabati, si katika hotuba za sikukuu.

Wingu lenyewe halichomozi kamwe huko Massachusetts; picha zilipigwa Arequipa, Peru. Mwanafunzi wa Songea huweza kuliona kwa macho, upande wa kusini, usiku wa Novemba usio na mawingu wala mbalamwezi.