Macho makubwa ya mtoto si uzuri kila mara



Katika ukurasa huu tumezoea kuzungumza juu ya kaske, viatu vya kazi na vumbi la mgodi. Leo ninaomba tuzungumze juu ya mtu ambaye hashuki mgodini: mtoto mchanga aliye mgongoni mwa mama yake. Ugonjwa unaitwa glakoma, yaani presha ya jicho. Wengi wanadhani ni ugonjwa wa wazee tu. Kweli, wazee ndio wengi. Lakini wako watoto wanaozaliwa nao.

Nianze na kosa langu mwenyewe. Zamani kidogo, kabla sijafika katika dispanseri hii, mama mmoja aliniletea mtoto wa miezi 4. Macho yalitoa machozi kila saa, na akitolewa juani alificha uso. Nikampa pomada ya tetrasiklini. Akarudi, nikampa tena. Mara ya tatu vilevile. Majirani walimsifu mama: mtoto wako ana macho makubwa, mazuri. Hata mimi nilimsifu. Mganga wa macho alipomwona, mtoto alikuwa amepita miaka 2, na jicho moja lilikuwa limekwisha kufa. Shuleni nilifundishwa kwamba glakoma ya watoto ni nadra sana. Neno hilo "nadra" ndilo lililonidanganya.

Basi tulipime neno hilo kwa hesabu. Katika nchi za Ulaya Magharibi, glakoma ya kuzaliwa humpata mtoto 1 katika kila watoto 10,000 mpaka 20,000. Kule Andhra Pradesh, India, waganga walikuta mtoto 1 katika 3,300. Saudi Arabia ni 1 katika 2,500. Kwa Waroma wa Slovakia ni 1 katika 1,250. Tofauti hii inatoka sana katika ndoa za ukoo mmoja, maana kasoro ya kurithi inamfikia mtoto kutoka kwa baba na kwa mama pia.

Na sisi? Kongo inazaa watoto zaidi ya milioni 4 kila mwaka. Tukichukua hata ile hesabu ndogo ya Ulaya, tunapata watoto 200 mpaka 400 kwa mwaka mmoja. Hiyo ni hesabu ya penseli, si ya kuhesabu vichwa. Lakini inatosha kutuonyesha kwamba kilicho nadra katika nchi kubwa si kidogo. Na mtoto asiyefika kwa mganga haandikwi katika daftari lolote. Kijijini ataitwa kipofu tu, au watasema amelogwa.

Nyinyi watu wa mgodi mtaelewa upesi namna ugonjwa unavyofanya kazi. Shimo linaingia maji kila siku. Mfereji wa kuyatoa ukiziba, maji yanapanda. Jicho nalo hutengeneza maji yake ndani na kuyatoa kwa njia ndogo sana. Njia hiyo ikiwa na kasoro, presha inapanda na kuubana mshipa unaopeleka picha kwenye ubongo. Jicho la mtoto mchanga ni laini, kwa hiyo linavutika na kuwa kubwa. Ndiyo sababu watu wanaliona zuri, kumbe linaharibika.

Wazazi, angalieni dalili hizi, hasa katika mwaka wa kwanza:

– machozi mengi bila tongotongo;
– mtoto anaogopa mwanga na kufumba macho kwa nguvu;
– jicho moja au yote mawili yanazidi kuwa makubwa;
– sehemu nyeusi ya jicho inafifia, kama imefunikwa na ukungu au maji ya mchele.

Wauguzi wenzangu, chukueni rula. Kwa mtoto aliyezaliwa sasa hivi, kioo cha mbele cha jicho kina upana wa milimita 10 hivi. Kikipita milimita 12 kabla ya mwaka 1, msitoe pomada nyingine. Andikeni barua ya kumpeleka kwa mganga wa macho siku ileile.

Dawa kubwa ya ugonjwa huu ni operesheni. Dawa ya matone peke yake mara nyingi haitoshi. Uoni uliokwisha kupotea haurudi, lakini uliobaki unaweza kuokolewa. Waganga wa macho wako Lubumbashi na Kinshasa. Ng'ambo ya ziwa, Dar es Salaam, hospitali ya CCBRT inapasua watoto wa namna hii.

Na hapa ndipo ninapotaka kusema wazi. Kutoka Kabalo mpaka Lubumbashi si mwendo wa siku moja, na tiketi ni pesa. Mfanyakazi akikatwa kidole kazini, tunatafuta gari saa ileile. Lakini mtoto wake akiwa anapoteza macho mawili, tunamwambia angojee mwisho wa mwezi. Mimi ninaona hiyo si haki. Barua ya jicho la mtoto ipewe haraka ileile ya ajali ya kazi. Na kila siku ya kupima kilo za watoto, macho nayo yatazamwe. Haitaki mashine, inataka dakika moja na mwanga wa mlangoni.

Kama mtoto mmoja amepatikana na glakoma, leteni na ndugu zake, maana ugonjwa huu unaweza kurudi katika nyumba moja. Si ulozi, wala si kosa la mama. Tena msinunue sokoni matone yenye kortizoni kwa ajili ya macho yanayowasha: yakitumiwa muda mrefu yanaweza kuleta presha ya jicho. Na watoto wasicheze mahali mawe yanapopondwa. Kipande kikipiga jicho, presha inaweza kupanda hata miaka baadaye.

Mama yule hakunilaumu. Alinishukuru kwa pomada. Sijasahau. Kesho, kabla ya kumsifu mtoto wa jirani kwa macho yake makubwa, mgeuze kwenye mwanga umtazame vizuri. Akificha uso, mlete kwetu.

Msaidizi wa mganga, dispanseri ya kampuni, Kabalo