Kabla ya kuchagua kigari, kagua barabara

Familia nyingi za mjini huishi na mguu mmoja jijini na mwingine shambani. Baba anafanya kazi Nairobi, mama anakwenda na kurudi, na hesabu ya karo hutegemea ng'ombe watatu au ekari moja ya viazi iliyo mbali na lami. Ni familia kama hizo ninazotaka kuzungumza nazo Jumapili ya leo, hasa zile zinazopanga kununua kile kigari kidogo cha mizigo kutoka Japan.

Dada yangu mkubwa na shemeji ni watu wa aina hiyo. Wanaishi mtaa wa Umoja, lakini wana shamba dogo upande wa Kinangop Kaskazini, Nyandarua. Miaka miwili iliyopita walichukua mkopo katika chama chao cha akiba, wakaniomba niwasindikize hadi yadi moja ya magari hapa jijini. Haja yao ilikuwa moja tu: kupeleka maziwa yao na ya majirani kwenye mtambo wa kupozea kila asubuhi, bila kutegemea pikipiki za kukodi.

Tulichagua kigari cheupe kilichong'aa kama sahani mpya. Viti vilikuwa safi, redio iliimba vizuri na bei ilikuwa chini kuliko ya vigari vilivyokuwa kando yake. "Mama, hili ni gari la shamba kabisa," muuzaji akamwambia dada. Nami, kwa kujifanya mjuzi, nikaunga mkono. Hakuna hata mmoja wetu aliyeinama kutazama chini.

Mvua ya Aprili ilipokolea, simu yangu ililia saa moja asubuhi nikiwa ndani ya matatu. "Ndugu yangu, kigari kimekwama, na maziwa ya watu yamo ndani," dada akasema.

Kilikuwa kimekwama kwenye kilima kifupi ambacho mtu hupanda kwa miguu bila hata kuhema. Magurudumu ya nyuma yalizunguka na kurusha matope, yale ya mbele yakakaa kimya kama wageni. Trekta ya kukivuta ilipatikana karibu adhuhuri. Maziwa yalipofika kwenye mtambo yalipimwa kwa spiriti, yakaganda, na lita 250 zikakataliwa.

Majirani walilipwa maziwa yao kwa pesa zilizowekewa karo. Mpwa wangu, aliyekuwa Kidato cha Tatu, alikaa nyumbani wiki mbili. Nilipomkuta akiosha vyombo siku ya shule, nilikosa la kumwambia. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Tangu siku hiyo nimekuwa mwanafunzi wa vigari hivi. Nimeketi na mafundi wa barabara ya Kirinyaga, nimelala chini ya magari na kuchafua mashati. Haya ndiyo niliyojifunza.

Wajapani huviita "kei", maana yake vyepesi. Sheria ya kwao inataka kigari cha namna hii kisizidi urefu wa mita 3.4, upana wa mita 1.48 na kimo cha mita mbili. Injini isizidi sisi 660, na mzigo usizidi kilo 350. Hijet ya Daihatsu ilianza mwaka 1960, na Carry ya Suzuki ikafuata mwaka 1961. Kwa udogo wao hupita kwenye vijia vyembamba katikati ya mashamba ya mpunga, na ndiyo maana wakulima wa Japan wanavipenda.

Lakini si vyote vilivyozaliwa kuwa wakulima. Vingine vilitumikia maduka ya mjini ambako kila kichochoro kina lami. Vyote hupakiwa meli moja hadi Mombasa, na ukivitazama kwa mbele havina tofauti. Kwa hivyo usianze na gari. Anza na barabara yako.

Nenda nyumbani msimu wa mvua, uvae gambuti, utembee kutoka lango la boma hadi kwenye lami. Tafuta mahali pabaya kuliko pote. Vigari hivi huwa na nafasi ya sentimita 16 hivi kutoka ardhini, na hiyo ni pungufu ya shubiri ya mtu mzima. Ikiwa malori yamechimba mifereji inayofika shubiri moja, kigari kikiingia humo kitakalia tumbo, na hapo hata kikivutwa na magurudumu mangapi hakitatoka. Hiyo ni kazi ya jembe na mawe kabla ya kuwa kazi ya gari.

Jambo la pili ni magurudumu yanayovuta. Vigari vya bei rahisi huvutwa na magurudumu ya nyuma peke yake. Kwa kuwa injini ya Carry na Hijet imekaa mbele, chini ya viti, sehemu ya nyuma huwa nyepesi mno kikiwa kitupu, na mpira hukosa kushika. Penye matope unahitaji "fo-wili", yaani gari linalovutwa na magurudumu yote manne.

Usiamini kibandiko cha mlangoni. Inama utazame kama kuna mhimili unaotoka kwenye giaboksi kwenda mbele, na difu katikati ya magurudumu ya mbele. Kwa Hijet za tangu mwaka 2014, nambari ya chesisi nayo husaidia: S500P huvuta kwa nyuma tu, S510P huvuta kwa yote manne. Kwa Acty ya Honda, HA8 ni ya nyuma na HA9 ni ya yote manne. Carry ya DA16T haikuambii lolote kwa herufi, kwa hivyo shati lichafuke.

Ukishaipata fo-wili, uliza mambo mawili zaidi. Je, ina gia nzito ya ziada, ile inayokiwezesha kupanda polepole bila kuunguza klachi? Na je, difu ya nyuma inaweza kufungwa ili magurudumu yote mawili yazunguke pamoja hata moja likiwa hewani? Vigari vingine vina vyote viwili, vingine kimoja, vingine hakuna. Ukilazimika kuchagua, kwenye vilima virefu chukua gia nzito, na kwenye matope ya tambarare chukua difu inayofungwa.

Onyo kwa dereva: vingi vya vigari hivi vyenye gia za mkono huunganisha magurudumu ya mbele na ya nyuma moja kwa moja. Ukifika kwenye lami kavu, ondoa fo-wili. Usipoiondoa, kila kona itakuwa inapinda vyuma vya ndani, na utalipa baadaye.

Tatu ni mzigo, na hapa tunajidanganya sana. Gunia halali la viazi ni kilo 50, kwa hivyo magunia saba yanamaliza kilo 350. Gunia lililovishwa kilemba cha wavu si gunia moja tena. Mikebe mitano ya maziwa ya lita 50 ina maziwa ya kilo 257 hivi. Ongeza uzito wa mikebe yenyewe na umekaribia kilo 300 au kuzipita.

Tena kumbuka kwamba injini isiyo na tabo hupungukiwa nguvu mahali palipoinuka, kwa sababu hewa ni nyepesi. Katika kimo cha mita 2,500 hupoteza karibu robo ya nguvu zake. Kigari cha nguvu farasi 50 kwenye ufuo wa Mombasa hakifiki 40 kikiwa Kinangop. Fundi akikuambia aongeze springi ili ubebe tani moja, mshukuru kwa heshima na uende zako. Springi zitabeba, lakini breki na klachi hazijaongezwa kitu.

Nne ni majina. Utakuta majina mengi yadini, lakini siku hizi wazazi ni wachache. Sambar ya Subaru ilitengenezwa na Subaru wenyewe hadi mwaka 2012. Tangu hapo ni Hijet iliyobadilishwa jina. Pixis ya Toyota nayo ni Hijet. Scrum ya Mazda ni Carry, na Minicab ya Mitsubishi na Clipper ya Nissan ni Carry tangu mwaka 2014 hivi. Honda waliacha kutengeneza Acty mwaka 2021. Kwa hivyo usilipe zaidi kwa ajili ya jina. Uliza ni mtoto wa nani, kisha uende madukani uulize bei ya klachi, pampu ya maji na breki kabla hujatoa shilingi.

Sheria ya Kenya hairuhusu kuingiza gari kuukuu lililozidi miaka minane. Wamarekani ni kinyume chetu: huko kigari kama hiki hakiruhusiwi kuingia kwa matumizi ya barabarani hadi kitimize miaka 25. Wao wanashindania wazee, sisi tunashindania vijana, na ujana una bei yake. Ndiyo maana wengi hununua kilichokwisha kutumika hapa nchini, na hicho ndicho kinachohitaji macho makali zaidi.

Gonga chesisi kwa nyundo ndogo. Sehemu za Japan zenye theluji humwagiwa chumvi barabarani, na chumvi hula chuma kutoka chini huku rangi ya juu ikibaki kung'aa. Ikiwa gari limetoka mnadani Japan, omba karatasi ya mnada. Herufi R mahali pa alama humaanisha liliwahi kugongwa likatengenezwa. Kisha lipeleke kilimani likiwa na mzigo. Muuzaji akikataa, amekwisha kukujibu.

Mwisho ni usalama wa watoto. Katika vigari hivi miguu ya dereva iko karibu sana na bampa, na mbele hakuna boneti ya kupokea kishindo. Si gari la kukimbizana na mabasi barabara kuu, wala sehemu ya mizigo si mahali pa kuwapakia watoto kwenda kanisani. Penye mteremko wa ubavu panga mzigo chini na mbele, kwa maana kigari chembamba huanguka upesi.

Dada na shemeji walikiuza kigari cheupe kwa hasara, na mkopo wake wanaulipa hadi leo. Walikaa miezi minane bila gari, kisha wakanunua kingine cha kijivu, kilichokwaruzwa mlango mmoja, chenye fo-wili na gia nzito. Safari hii shemeji mwenyewe ndiye aliyelala chini kwanza. "Shemeji, leo redio tutaiuliza mwisho," akaniambia huku akijipangusa vumbi.

Hata hicho si cha miujiza. Siku ambazo mvua haikatiki, hupakia mikebe mitatu badala ya mitano na kurudia safari. Majirani wamechangisha mawe ya kujaza ule mfereji wa kilimani, na naamini mawe hayo yamesaidia sawa na gari. Mpwa wangu alirudi shuleni, akafanya mtihani wake wa Kidato cha Nne pamoja na wenzake.

Nilimwuliza dada angemwambia nini mtu anayekwenda yadini wiki hii. Alifikiri kidogo, akasema: "Mwambie aende akiwa amevaa nguo kuukuu."