Kuzaa ndani ya maji, dhambi iko wapi?



Dada yetu mmoja aliye Uingereza ameniuliza. Amejifungulia hospitalini ndani ya hodhi la maji ya uvuguvugu, uchungu ukapungua, mtoto salama, alhamdulillah. Sasa mama mkwe anamwambia ameiga wazungu. Je, ana dhambi?

Ndugu zangu, dhambi iko wapi? Tiba asili yake ni halali mpaka ije dalili ya kuikataza. Someni Surat Maryam, aya ya 23 hadi 26. Uchungu ulimpeleka Bibi Maryam (a.s.) kwenye shina la mtende, akatamani mauti. Mola wake akampa kijito chini yake na tende mbivu. Sisemi alizalia majini, la! Nasema kutafuta nafuu si udhaifu wa imani.

Ninachokikataa ni kujaribu nyumbani bila mkunga aliyesomea. Mwenye presha, mwenye mapacha, aliyewahi kuzaa kwa upasuaji, amsikilize daktari kwanza. Na stara ilindwe, aombe mkunga mwanamke.

Wanaume wenzangu, uchungu huu hatuujui. Mkeo akisema maji yalimsaidia, mwamini.

Na wewe mama mkwe, kama unasoma hapa, mpigie mwanao simu leo umtake radhi.