Bustani za Magunia Nairobi: Sheria Ipo, Maji Je?

Kwa mkazi wa Kibera asiye na shamba, gunia lililojazwa udongo na samadi ndilo shamba lake. Nguzo ya kokoto katikati husambaza maji hadi chini, na matundu ya ubavuni hupandwa sukuma wiki au mchicha. Mwaka 2015 Kaunti ya Jiji la Nairobi ilipitisha sheria ya kukuza na kusimamia kilimo cha mjini. Aidha, Kifungu cha 43 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kutokuwa na njaa.

Hata hivyo, kinachoamua mavuno ni maji. Udongo wa gunia hukauka haraka kuliko wa shambani, ilhali wakazi wengi wa mitaa hiyo hununua maji kwa mtungi. Bei inapopanda, mkulima hulazimika kuacha mboga zinyauke au kutumia maji ya mtaro yanayobeba vijidudu vya maradhi. Kwa hiyo, mpango wa kugawa magunia na mbegu hauna budi kuambatana na bomba la maji safi lililo karibu.

Kwa sasa, wananchi wanahimizwa kukinga maji ya mvua, na kuepuka kupandia katika vyombo vilivyowahi kuhifadhi kemikali.